Midomo Mitatu ya Ng'ombe

Siku ya kuitwa majina ilikuwa imerudi tena, au pengine haikuwa imeondoka. Kule bondeni hakuna aliyekuwa na hakika, na aliyejifanya ana hakika walimcheka. Watu walijipanga ukingoni penye udongo mkavu, wakavua viatu, wakanyamaza. Mwamvua akashuka kinamasini peke yake, khanga kaikaza kiunoni, fito zake nne mkononi.

Kazi yenyewe si ya kuringia. Fito nne zenye urefu wa mkono, zimefungwa ncha kwa ncha kwa ukindu zikawa mraba. Mwitaji huzirusha nyuma, juu ya bega la kushoto, bila kutazama. Zinapoangukia, hapo hapo hupiga magoti kwenye tope na kutaja kila mmea uliomo ndani ya mraba, mmoja mmoja, kwa sauti. Mwenye mmea wake huitika kutoka ukingoni: "Nipo." Mara saba hurusha, mara saba hutaja, kisha watu huvaa viatu wakaenda kula. Hakuna ngoma, hakuna ubani, hakuna hotuba ya mkubwa yeyote. Aliyeitwa yupo mpaka siku hiyo irudi tena.

Maana bondeni mtoto akizaliwa, siku ya saba mama yake hutembezwa kinamasini pekupeku, na jani la kwanza kumgusa kisigino ndilo ambalo kitovu cha mtoto huzikwa penye shina lake. Tangu hapo mtu na mmea ni kitu kimoja, na ndiyo sababu chuma hakiingii kinamasini, si panga, si mundu, si hata pini ya nywele. Kitovu kimeshakatwa kwa wembe mara moja, hakikatwi tena. Walikuwapo watu wa yungiyungi, wazuri wa sura na wavivu kupindukia. Walikuwapo watu wa ukangaga, wakali, ukiwagusa unachanika. Walikuwapo watu wa ndago, ambao hata uwafukuze kwako mara ngapi utawakuta kesho jikoni wanapakua. Bibi yake Mwamvua, siku moja ya ujana wake, alitaja mimea arobaini na mmoja hata sauti ikamkauka, ikabidi anyweshwe uji.

Na mtu asipoitwa mara tatu mfululizo? Hafi. Laiti angekufa, wangemlilia wakamzika, mambo yakaisha! Kwanza huitwa "wewe." Halafu huitwa "yule." Halafu watu humpita njiani bila salamu, wala si kwa kiburi, ni kwamba hawamwoni. Anakula lakini chungu hakipungui. Mwisho hukaa mlangoni pa nyumba yake akingoja mtu aulize huyu nani, na hakuna anayeuliza. Tangu utotoni Mwamvua alikuwa na swali lake moja: je, mtu huitwa kwa sababu yupo, au yupo kwa sababu anaitwa? Alimwuliza mama yake mara moja tu, akazabwa kofi. Sasa mama yake hayupo na swali bado lipo.

"Ukoka," alitaja mara ya kwanza.

"Nipo," waliitika watu sitini kwa sauti moja.

"Ukoka."

"Nipo."

"Ukoka. Na ndago, moja."

Mara ya saba alikawia kuinuka. Alipekua ndani ya mraba kwa vidole, akafunua kila kikonyo cha nyasi, akatafuta kitu kimoja tu. Hakukiona. Mwisho wa mstari, mikono mgongoni, alisimama Tunu, binti yake, mwanawe wa pekee, mtu pekee duniani aliyekuwa na kitovu chake penye kinyota. Kinyota ni kijimea kidogo kinachotambaa juu ya tope, na ua lake jeupe halizidi punje ya mchele. Siku kisigino cha Mwamvua kilipokigusa, wanawake waliomshika mkono walicheka hadi wakakaa chini. Mwenzetu, walisema, kazaa chakula cha panzi.

Hii ilikuwa mara ya pili Tunu hakuitwa. Asubuhi ile ile Mwamvua alikuwa amemimina vikombe viwili vya chai, akakitazama cha pili, akajiuliza ni cha nani.

"Changu, mama," alisema Tunu, aliyeketi mbele yake.

"Chako wewe nani?"

Walicheka wote wawili. Mwamvua alicheka zaidi, mpaka chai ikamwagika.

Sasa, ng'ombe walioimaliza mimea hiyo walikuja lini? Muulize mzee, atakwambia jana. Muulize mtoto, atakwambia wamekuwapo tangu dunia iumbwe. Walikuja, basi. Walianza na machipukizi ya mafunjo, wakaja kwenye ukangaga ungali mchanga, wakaingia majini mpaka kifuani wakayavuta yungiyungi na mizizi yake. Ambacho hawakukila walikikanyaga, na ambacho hawakukikanyaga walikilalia. Ukoka peke yake ulinawiri, kwa kuwa ukoka ukiumwa hulala chini na kutambaa mbele. Bonde likawa uwanja wa kijani uliokatwa sawasawa, unapendeza macho, na wageni waliopita walisifu: jamani, kwenu kuzuri! Na kina mama wajawazito, kila walikokanyaga, visigino viligusa ukoka.

Mwamvua hakurudi nyumbani siku ile. Alitambaa kinamasini toka mashariki hadi magharibi, na jua lilitua mara mbili likachomoza mara moja, asijali. Hatimaye ndani ya unyayo wa ng'ombe, mahali ambapo ukwato ulikuwa umeupasua ukoka na kuacha tope tupu, alikiona. Kinyota. Kimoja. Kilikuwa na majani manne na ua moja. Alilia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni akaonwa.

"Ndicho hicho tu kilichobaki," sauti ilisema nyuma yake.

Alikuwa Malugu, mchungaji, mtu mzima aliyemzidi umri kwa miaka kumi hivi, amesimama kwa mguu mmoja, wa pili kaukunja juu ya goti. Mwamvua hakumwamkia. Kwa mara ya kwanza maishani alimtazama mkubwa wake usoni, akamnyima shikamoo.

"Ondoa ng'ombe wako," alisema.

"Si wangu, dada. Nachunga tu."

"Wa nani?"

"Sijamwona. Baba yangu naye hakumwona. Huja mtu, husema wameongezwa, huondoka." Malugu alibadilisha mguu. "Wangu ni watatu tu humo ndani, nawajua kwa majina. Yule mwenye pembe fupi ni mtamba, mpole kuliko wenzake." Kisha aliinama, akakitazama kijimea kile kwa upole uliomwudhi Mwamvua. "Unataka kukizungushia uzio. Naona mikono yako. Usifanye hivyo."

"Ehee! Kwa nini nisifanye?"

"Hiki hakiogopi ng'ombe. Kinaogopa kivuli. Zamani walipita hapa ng'ombe wawili, watatu, wakala majani marefu, wakapasua tope, wakaenda zao. Kinyota kikaota nyuma yao. Midomo mitatu inakitosha. Midomo mia tatu inakiua. Na bila mdomo hata mmoja kinakufa vile vile, ila kwa kuchelewa."

"Leo mchungaji ananifundisha majani," alisema Mwamvua, "kesho atanifundisha kuzaa."

Malugu hakukasirika. Alipiga mluzi, kundi likageuka, na ardhi ikatetemeka kwa muda mrefu baada ya yeye kutoonekana.

Uzio ulijengwa siku moja iliyochukua miezi. Watu wote walikuja, hata wale ambao tayari walikuwa "yule", na kazi yao ilionekana ingawa wao hawakuonekana: nguzo zilijichimbia, miiba ya mgunga ilijipanga. Mlango ukawa mmoja, umefungwa kwa kamba ya ukindu, na fundo lake alilijua Mwamvua peke yake. Ng'ombe walikuja wakasimama nje, wakapumua, wakaenda zao.

Na kweli, tusinyimane ukweli, mwanzoni ilikuwa furaha. Mvua ilinyesha ikapita, na ndani ya uzio ukangaga ukainua kichwa. Yungiyungi lililosahauliwa likafunguka juu ya dimbwi. Kinyota kikazaa vinyota, vikatambaa, vikawa mkeka mweupe. Siku ya kuitwa majina ilipofika Mwamvua alirusha fito zake ndani ya uzio na kutaja mimea ishirini na mitatu, na kutoka ukingoni sauti zilizokuwa zimekauka ziliitika, nyingine zikikwaruza, nyingine zikilia. Mzee mmoja wa yungiyungi aliitika, mkewe akaruka kando akipiga yowe, "Lo, kumbe ulikuwa hapa siku zote!" Mwamvua alikiweka kinyota mwisho kusudi. Akakitaja taratibu.

"Nipo!" alipaza Tunu, na sauti yake ikavuka bonde ikarudi. Asubuhi iliyofuata mama yake alimmiminia chai bila kufikiri, akamgombeza kwa kuacha sufuria chafu. Tunu alioga maneno yale kwa raha, akaomba agombezwe tena.

Tangu hapo watu walianza kumwamkia Mwamvua kwa kuinama. Hata waliomzidi umri. Aliyetaka kuchungulia mmea wake ilibidi aombe, naye Mwamvua huangalia juu, hufikiri, husema rudi kesho. Kesho yenyewe haikujulikana iko upande gani. Alikaa mlangoni juu ya kigoda, fimbo mapajani, na mawazo yake yakaanza kwenda vipande vipande.

Nani anamla nani. Ng'ombe anakula jani. Jani linakula mwanga. Mwenye ng'ombe anakula nini? Hajaonwa akila. Na mimi je? Nakula shikamoo. Tamu. Nani alinizuia mimi nisiingie? Hakuna. Nani atanitoa? Hakuna. Basi mlinzi na mlaji wanatofautiana nini, kama wote wawili hawaulizwi? Nyamaza, Mwamvua. Nje kuna midomo mia tatu. Mimi sina mdomo. Mimi ni uzio.

Siku moja mchana mtamba mmoja, mwenye pembe fupi, alitoka kundini akaja peke yake. Alikuwa mbavu tupu. Alipenyeza pua katikati ya miiba, damu ikamtoka puani, akaendelea kupenyeza, akinyoosha ulimi kuelekea chipukizi la tete lililokuwa refu kuliko wenzake. Mwamvua aliinuka.

"Mama, mwache ale kidogo," alisema Tunu. Alikuwa ameketi kivulini pa matete, ingawa hakukuwa na haja ya kivuli. "Matete yamezidi. Siku hizi naona giza mchana, mama. Yananifunika."

"Wewe husikii baridi," alisema Mwamvua, kama anayemjibu mtu mwingine, swali jingine. Akamchapa mtamba yule usoni, mara moja, mbili, ya tatu ikampata jichoni. Mnyama hakulia. Alirudi kinyumenyume, akaingia kundini, na kundi likamfunika.

Siku ya kuitwa majina ilikuja tena wiki ile ile.

"Matete," alitaja Mwamvua.

"Nipo!" waliitika watu wa matete, nao walikuwa wengi sasa, warefu, mabega mapana, sauti ya kujaza bonde.

"Matete. Matete. Matete na majani makavu ya matete."

Mara saba. Hakuna ukangaga, hakuna yungiyungi. Maji yenyewe yalikuwa yamejaa matete yaliyolala juu ya matete. Tunu hakuitwa. Siku ya pili ya kuitwa majina ilikuja kabla watu hawajafika nyumbani, wakageukia njiani wakavua viatu tena, na Tunu hakuitwa. Mwamvua alilala kifudifudi, akaingiza mkono chini ya majani makavu mpaka begani. Alikigusa. Akafunua kidogo, akaona uzi mweupe, mrefu, mwembamba, usio na jani wala ua, uliokuwa umetambaa huku na huku ukitafuta mwanga. Hapo ndipo maneno ya Malugu yalipomrudia yote, neno kwa neno.

Alimkuta mchungaji juu ya kilima, amekaa, miguu yote miwili chini.

"Shikamoo, mzee Malugu."

Malugu alimgeukia. "Marahaba," alisema. "Leo umeniona."

"Nipe ng'ombe watatu. Wapite tu. Wale, wakanyage kidogo, watoke. Mwanangu amebakiwa na mara moja."

"Watatu?" Malugu alicheka bila furaha. "Dada, siku hizi hakuna ng'ombe watatu. Kuna kundi. Ukifungua mlango linaingia lote, na nikisimama mbele yake linanipitia juu. Wangu watatu, wawili walishazoea kundi, nikiwaita hawageuki. Yule mwenye pembe fupi ndiye aliyekuwa bado anajua jina lake. Alirudi siku ile jicho moja limefumba. Namwita mpaka leo. Labda yumo."

Mwamvua alitazama kundi chini ya kilima. Lilikuwa na rangi moja. Alitaka kusema nisamehe, lakini Malugu hakulingoja neno hilo.

Mwamvua alirudi mbio, akafungua fundo, akaingia, akalifunga nyuma yake. Alishika tete la kwanza kwa mikono miwili akaling'oa. Likatoka na bonge la tope kubwa, na ndani ya bonge lile uzi mweupe ukakatika vipande vitatu. Basi kung'oa hakufai. Na chuma hakiingii kinamasini. Kule ukingoni watu wa matete wakashika vichwa, wakapiga kelele, "Mama wee, unatung'oa! Sisi tumekukosea nini?" Na kweli, walikuwa wamemkosea nini? Walipewa nafasi wakakua. Mwamvua alisimama katikati ya giza lile la kijani, mikono inaning'inia, akifikiri ni kitu gani hukata jani juu na kuacha mzizi chini, bila chuma. Lilikuwapo jibu moja tu, naye alilijua.

Akapiga magoti. Akaweka viganja chini. Akauma.

Tete lilikuwa gumu, likamchana midomo. Akauma la pili. Akatafuna, kwa kuwa kutema kulipoteza muda, akameza, kwa kuwa kutafuna kulileta njaa. Tunu, hili ni kwa ajili yako. La tano. Tunu, vumilia. La kumi. Tu... la ishirini. Mwanangu. Wewe. Aliendelea kwa magoti na viganja, na kila alikopita mwanga uliingia na tope likapasuka, na alikuwa akiona vizuri kwamba kazi inakwenda, inakwenda vizuri, ila hakukumbuka tena ni kazi ya nini. Majani yalikuwa mengi. Juu kulikuwa na jua. Karibu na ardhi midomo yake ilikuta kitu laini, chembamba, chenye uchungu kidogo na utamu mwishoni, ladha ambayo hakuwahi kuionja. Akakivuta chote. Akakimeza.

Alipojifuta mdomo aliona mgongoni mwa mkono wake ua jeupe, dogo, halizidi punje ya mchele. Lilikuwa limechanua siku hiyo hiyo, kwa mwanga aliouleta yeye. Aligeuza mkono huku na huku. Yeye, aliyejua mimea yote kwa majina, alikitazama kile kitu akashindwa kukitaja. Akakipeperusha kwa pumzi.

Ukingoni watu walikuwa wamejipanga, viatu mkononi. Ilikuwa siku yenyewe. Alizikuta fito zake, akazirusha nyuma ya bega la kushoto, akazifuata kwa magoti.

"Matete," alitaja. "Na tope."

"Nipo," waliitika watu wa matete, na wengine wote ambao hawakuwa na kitu wakaona afadhali waitike kwa tope kuliko kutoitika kabisa.

Mara saba. Kisha walivaa viatu wakaenda kula. Alibaki mmoja, mwisho wa mstari ambao haukuwapo tena, mikono mgongoni. Aliteremka mpaka kwenye uzio, akapenyeza uso katikati ya miiba, na miiba ikamchana shavu.

"Nipo, mama," alisema.

Mwamvua aliinua kichwa, akiwa bado anatafuna. Alisikiliza. Kilikuwa kilio cha ndama, bila shaka, kutoka upande wa mlango. Hawa wanyama hawakomi! Akaokota fimbo yake, akaenda kumfukuza.